Dakika Kumi kwa Miguu

Mimi ni mtu wa mipango miji. Nikilisema hilo mbele ya watu, wengi hudhani nauza viwanja, na mmoja aliwahi kunivuta pembeni harusini akitaka nimtafutie kimoja karibu na bahari. Kazi yenyewe ni kukaa mbele ya ramani ya Maskati na kuuliza: watu walale wapi ili mkate wa asubuhi usihitaji gari? Mji wetu umetandazwa kandokando ya barabara kuu kama nguo kwenye kamba. Mwenye gari anaishi, asiye na gari anangoja kuonewa huruma. Jambo hilo limenikera tangu usichana, na kero hiyo ndiyo iliyonifanya niwe hodari kazini. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba mradi wa Wattaya niliupenda. Sikuufanya kwa kutumwa.

Wattaya watu wengi huijua kwa maduka ya magari, vioo virefu na gari jipya linalozungushwa juu ya sahani. Nyuma ya vioo hivyo kuna mitaa ya nyumba fupi za zamani, na baadhi yake ni za familia kama yetu, zilizorudi kutoka Unguja na kuanza upya na masanduku mawili matatu. Karibu na mitaa hiyo kulikuwa na kituo kikubwa cha mabasi, na pembeni ya kituo jengo la maduka lenye supamaketi, duka la dawa na kliniki ya meno. Kampuni ya ushauri ninayofanyia kazi ikapewa jukumu la kupanga nyumba nyingi zaidi, za ghorofa, zikizunguka kituo na maduka, ili muuguzi, karani na bibi mwenye kisukari waweze kuishi pale bila gari.

Yule bibi mwenye kisukari sikumtoa hewani. Alikuwa Mamkubwa wangu.

Mamkubwa ni dada yake mama, mkubwa kwa miaka tisa. Yeye mwenyewe hakujaaliwa mtoto. Mama yangu alikuwa muuguzi wa zamu, kwa hiyo mimi nimekulia jikoni kwa Mamkubwa, Wattaya, nikila makoko ya wali chini ya sufuria na kutumwa dukani kila baada ya robo saa. Ana ulimi mkali na hapendi kubembelezwa. Daktari alipomwambia atembee kwa ajili ya sukari, alimjibu kuwa ametembea tangu utoto, ila hapo awali hakulipia mtu kuambiwa. Lakini alitembea. Kila asubuhi alikwenda kwenye jengo la maduka, ambako kuna ubaridi, akazunguka mara tatu kutoka duka la manukato hadi duka la simu, akawasalimu walinzi wote, kisha akapanda basi kwenda Ruwi kununua samaki. Aliishi na msichana wa Kiganda aliyeajiriwa kumsaidia kwa sababu ya magoti, na wakati mwingine alikuwa akimtangulia msichana huyo njiani na kumwita mvivu.

Katika kazi yetu kuna duara. Unaweka alama kwenye kituo, unachora duara la dakika kumi kwa miguu, na ndani ya duara hilo unaruhusu nyumba ziongezeke. Tatizo ni kwamba kompyuta hupima dakika kumi za mtu mwenye miguu mizima. Mimi sikuiamini. Asubuhi moja ya Januari, hewa ikiwa nzuri, nilikwenda kwa Mamkubwa na simu yangu, nikamwambia leo natembea naye.

"Unanipima?" aliuliza.

"Naipima njia, Mamkubwa."

"Haya, ipime. Mie nnakwenda."

Tulitokea mlango wa jikoni. Tukapita uchochoro uliokuwa kati ya ukuta wake na ukuta wa jirani, mwembamba kiasi kwamba tukikutana na mtu mmoja wetu ilibidi asimame ubavu. Tukavuka kiwanja cha mchanga, tukafika kituoni. Dakika kumi kamili, pamoja na kusimama kumtukana paka aliyemwibia samaki siku iliyopita. Nilifurahi mno. Niliandika kwenye ripoti kwamba hata mwanamke aliyepita miaka sabini, mwenye magoti mabovu, hufika kituoni kwa dakika kumi akitokea mitaa ya nyuma. Wenye mradi waliisoma sentensi ile kwa sauti kikaoni. Mkubwa wangu wa kazi alinigusa bega na kusema, "Huyu bibi yako ndiye mradi wetu."

Lakini uchochoro ulikuwa hautoshi. Watu wa ghorofa zote zile wasingeweza kupita ubavu. Kiti cha magurudumu kingekwama, na mama mwenye gari la mtoto angerudi nyuma. Ilibidi upanuliwe uwe njia ya kweli, yenye kivuli na taa. Upande mmoja wa uchochoro kulikuwa na nyumba ya jirani, ya ghorofa mbili, iliyojengwa juzijuzi. Upande wa pili kulikuwa na jiko la Mamkubwa na vyumba viwili vya nyuma, na ukiviondoa hivyo hakuna nyumba iliyobaki, kuna sebule tu.

Nilijaribu kuipitisha njia upande wa msikiti. Ikaongezeka dakika nne. Duara likavunjika, na safu nzima ya majengo ikatoka nje yake. Nilikaa na mchoro ule mchana kutwa. Kisha nikaufuta, nikachora mstari juu ya jiko nililolelewa. Kwenye ramani nyumba ni namba, ila namba ile mimi nilikuwa naiandika kwenye bahasha tangu nikiwa darasa la pili.

Nilijiambia atapata fleti ya chini kwenye jengo jipya, palepale, na ngazi hatapanda. Haikuwa ndoto ya bure. Utaratibu uliwekwa hivyo: mwenye nyumba inayoguswa angeandikiwa barua, na kama hataki kuhamishwa mbali angewasilisha pingamizi kwa maandishi ndani ya siku thelathini. Waliowasilisha ndio wangefikiriwa kwanza kubaki. Mimi nilikuwemo chumbani utaratibu ule ulipopitishwa, na niliusifu kuwa ni wa haki.

Barua ilipofika, Mamkubwa alinipigia simu nije nimsomee.

Yeye si mjinga wa kusoma. Kiswahili anasoma, na Kurani anasoma. Kiarabu cha mdomo anakisema na kila mtu sokoni. Kiarabu cha ofisi ndicho kinachomshinda, kile cha mistari mirefu isiyopumua. Katika nyumba zetu wazee wengi wako hivyo, na kila nyumba ina mtoto wake wa kusoma barua. Kwetu nilikuwa mimi. Tena aliyenipa kazi hiyo ni yeye Mamkubwa, na akanifundisha namna ya kuifanya. Nilikuwa na miaka kama kumi, bibi yangu, mama yao, yuko hai na hajui kusoma, na barua imekuja kutoka Unguja. Nikasoma kwa sauti salamu zote, nikafika mahali palipoandikwa kwamba kaka yake bibi amefariki. Mamkubwa alikuwa amekaa nyuma yangu, ameshaiona sentensi. Akanifinya ubavuni. Nikaruka. Nikasema, "Wote wanakusalimu sana." Bibi akashukuru, na habari ile akaja kuambiwa baada ya wiki, taratibu, na watu wazima, mkono wake umeshikwa. Usiku wa siku ile ya barua Mamkubwa alinisifu. Akasema habari mbaya haisomwi kwa mzee kama tangazo.

Basi nilikaa sebuleni kwake na barua ya mradi wangu mwenyewe mkononi. Msichana wa Kiganda alileta kahawa na sahani ya tende. Mamkubwa alivaa miwani ingawa asingesoma.

"Haya, wanasemaje hao?"

Barua ilikuwa na maneno manne makubwa: kubomolewa, fidia, pingamizi, siku thelathini. Nikayatazama moja moja. Kisha nikasema, "Wanasema wanataka kutengeneza njia nzuri ya kwenda kituoni, Mamkubwa. Nyumba za pembeni wataziangalia. Kila mtu atapewa haki yake. Inshallah kheri."

"Njia hii yangu?"

"Hiyohiyo."

Alitabasamu, maskini, kama mtu aliyesifiwa. Halafu akaniuliza swali ambalo nimelisikia kila siku tangu hapo.

"Mimi kuna langu la kufanya?"

"Hakuna," nikasema. "Wewe tulia tu."

Akaikunja barua mara nne, akaitia kwenye mkoba wake wa karatasi, ule wenye pasipoti na vyeti. Barua ilikuwa imeshakaa posta siku nane.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa adabu. Nilisema sikuweza kumtamkia mzee, nyumbani kwake, neno la kubomoa. Ni kweli, sikuweza. Lakini adabu ilikuwa nusu tu, na nusu hiyo ndiyo nzuri. Nusu ya pili ni kwamba wiki tatu mbele kulikuwa na kikao kikubwa cha kupitisha mchoro, na jina la Mamkubwa ni la ukoo wangu, kwa kuwa wazazi wangu wote ni wa ukoo mmoja. Pingamizi lake lingesomwa mbele ya watu walewale walioshangilia dakika zake kumi. Wangeuliza: huyu bibi si ndiye yule? Njia ingerudishwa upande wa msikiti, duara lingevunjika, na mimi ningekuwa mtu aliyechora mradi ukakataliwa na mama yake mkubwa. Niliogopa aibu hiyo. Nilimpenda Mamkubwa na niliupenda mchoro, na siku zile, Mungu anisamehe, niliupenda mchoro zaidi.

Nilikusudia kumwandikia pingamizi mimi mwenyewe, kimyakimya, aombe kubaki tu bila kuigusa njia. Niliifungua fomu kwenye kompyuta mara mbili. Mara ya kwanza nikaitwa kikaoni. Mara ya pili hakuna aliyeniita, nikaifunga. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wamesema wahenga, ila hapa tumbo lililoumia halikuwa langu. Siku ya mwisho ya pingamizi ilikuwa Alkhamisi. Siku hiyo ofisini tulikata keki kwa sababu mchoro umepita, nami nilikula vipande viwili.

Jirani wa upande wa msikiti, ambaye kona ya ukuta wake iliguswa na mabomba, aliandika. Mtoto wake wa kiume alimsomea barua neno kwa neno, wakagombana, wakaandika. Leo anakaa ghorofa ya chini na dirisha lake linatazama kituo. Mamkubwa alipewa nyumba ya fidia nyuma ya milima, kwenye mtaa mpya ambao barabara zake zina namba na hazina watu. Nyumba yenyewe ni kubwa kuliko ya zamani, nyeupe, ina bafu tatu. Siku ya kuhama hakulia. Alisimamia mbuzi yake ya kukunia nazi isivunjwe mguu, akamfokea dereva wa lori, akafunga mlango wa jikoni kwa ufunguo ingawa ukuta ungeangushwa wiki hiyohiyo.

"Mambo ya serikali," aliniambia garini. "Wewe ungefanya nini?"

Niliendesha.

Mwezi wa pili baada ya kuhama, msichana wa Kiganda alinipigia. Yeye hunipigia mara chache, na kwa adabu, kwa hiyo nilishtuka.

"Madam, samahani. Mama hatembei tena nje. Huku mol mafi, basi mafi, hakuna kitu, ni mawe tu na jua. Anatembea ndani ya nyumba, anazunguka meza ya kula. Mara tatu, anakaa. Mara tatu, anakaa. Sukari imepanda."

"Na wewe hujambo?"

"Mimi Ijumaa, siku ya mapumziko, siendi kanisa, Madam. Teksi ni mbali. Lakini mimi si kitu, ni Mama."

Mimi si kitu. Nilikuwa nimemwandika na yeye kwenye ripoti, bila jina, pale niliposema wafanyakazi wa majumbani nao wanahitaji basi la siku ya mapumziko. Nilikuwa nimewaandika wote wawili vizuri sana.

Njia ilipokamilika nilikwenda kuitazama peke yangu, asubuhi. Ni nzuri, sitasema uongo kwa ajili ya kuonekana najuta. Ina miti ya kivuli, benchi, na mteremko mpole. Wauguzi walikuwa wanatoka zamu. Bwana mmoja alikuwa anamsukuma mkewe kwenye kiti cha magurudumu, wamebeba mifuko ya supamaketi, na mke anamwelekeza kwa kidole. Nilihesabu hatua hadi nikapata mahali jiko lilipokuwa. Ni pale penye benchi la pili. Nikasimama, nikatazama watu wanavyopita, na moyo wangu ukajaa fahari. Hilo ndilo ninaloliona haya zaidi kuliko yote. Nilipaswa kulia, na nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Niliporudi ofisini niliandika barua kwa niaba ya Mamkubwa. Niliomba apewe fleti mojawapo ya chini iliyokuwa bado haijapata mtu. Safari hii sikujali nani ataona jina la ukoo. Nikatia sahihi yangu chini, nikaeleza kuwa mimi ni mtoto wa mdogo wake. Mamkubwa nilimwambia tu kwamba nimemwombea nafasi karibu na kituo, na kwa mara ya kwanza tangu ahame akaniuliza kama dirisha la jiko litakuwa na upepo.

Jibu lilikwenda kwake, kwa sababu mwombaji ni yeye. Akanipigia nije nimsomee.

Nilimkuta kwenye meza ya kula. Zulia lilikuwa limechakaa njia nzima kuizunguka meza. Amekonda, mikono imekuwa miepesi. Msichana wa Kiganda aliniwekea kahawa, akasimama mlangoni pa jikoni, naye pia alikuwa anangoja kusikia. Nikaifungua bahasha, nikapitisha macho kabla ya kusoma, kama nilivyozoea, na nikaona wamekataa.

Nilihisi kabisa ulimi unavyojitayarisha. Wanasema wanalifikiria, Mamkubwa. Wanasema tusubiri. Wote wanakusalimu sana. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, laini, na pale mbele yangu palikuwa na mtu atakayeyapokea kwa shukrani na kulala vizuri usiku ule.

Nikasoma. Nilikuwa nakitazama Kiarabu na kukitoa kwa Kiswahili, neno baada ya neno, bila kuruka: ya kwamba ombi limepokelewa, ya kwamba fleti za chini zimewekwa kwa ajili ya wakazi waliowasilisha pingamizi kwa maandishi ndani ya siku thelathini za barua ya kwanza, ya kwamba mwombaji hakuwasilisha pingamizi lolote, na kwa hiyo ombi lake halikukubaliwa.

Mashine ya ubaridi ilikuwa inaunguruma. Mamkubwa akauliza, "Hivyo ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo, Mamkubwa. Hivyohivyo."

"Pingamizi gani?"

Akanitazama muda, kisha akamgeukia msichana.

"Nipe ule mkoba wangu."

Mkoba ukaletwa. Akatoa pasipoti, akatoa cheti cha ndoa, akatoa ile barua ya kwanza iliyokunjwa mara nne. Akainyoosha juu ya meza kwa kiganja, mara mbili tatu, hadi ikalala.

"Na hii isome tena."

Niliisoma kutoka juu, pamoja na tarehe. Nikasoma kubomolewa. Nikasoma fidia. Nilipofika kwenye pingamizi nilisita, akangoja, hakunisaidia. Nikasoma siku thelathini. Kisha nikamwambia yaliyobaki, yasiyoandikwa: kwamba njia niliichora mimi, kwamba siku ile nilikuwa najua, kwamba nilimwambia hakuna la kufanya na la kufanya lilikuwepo.

Hakupandisha sauti. Mtu mwenye ulimi ule, aliyemtukana daktari na paka, safari hii alisema polepole.

"Zilikuwa zimebaki siku ngapi, uliponisomea?"

"Ishirini na mbili."

Akaikunja barua mara nne kwa mikunjo yake ileile ya zamani.

"Mimi ndiye niliyekufunza kuruka," alisema. "Nnakumbuka. Lakini bibi yako kaka yake keshakufa, angefanya nini? Mimi ningekwenda mwenyewe ofisini kwao, mwanangu. Basi lilikuwa pale mlangoni."